Mzigo Kabla ya Bunduki

Mara nyingi swali gumu darasani huletwa na neno dogo. Neno lililonifanya niandike makala haya ni "kuruta". Nilikuwa nikifundisha ufahamu katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka jiji la Lilongwe. Mbele yangu walikaa watu wazima wa Kongo ya mashariki na wa Burundi, ambao Kiswahili wamekisema tangu utotoni lakini wanataka kukiandika kwa usanifu, pamoja na Wamalawi wachache wanaojifunza lugha hii kwa ajili ya biashara. Mmoja wa Wamalawi hao, alipoiona silabi "ku-" mwanzoni mwa neno, alidhani ni kitenzi. Akaandika daftarini mwake: "Vijana wale wanaruta kambini." Wenzake walicheka.

Mimi sikucheka sana, kwani kosa lile lilikuwa na akili ndani yake. Neno "kuruta" tumelipata kwa Waingereza, nasi tukalivika vazi la Kibantu hata likafanana na kitenzi. Watu wa Malawi nao wamelifanyia neno letu vivyo hivyo. Walisikia "askari", wakasema "asilikali". Kisha wakaiona ile "a-" ya mwanzo kuwa ni kiambishi cha wingi, na wakaunda umoja wake, "msilikali". Hivyo neno la Kiarabu lililopitia Kiswahili likapata umoja na wingi katika Kichewa kana kwamba lilizaliwa kando ya Ziwa Nyasa. Nilimwambia mwanafunzi wangu kwamba babu zake walifanya kosa kama lake, na kosa lao sasa limo katika kamusi.

Hapo ndipo mzee mmoja wa Kikongo aliponyosha mkono. "Mwalimu," aliuliza, "mtu huwa kuruta tangu lini? Tangu alipochukuliwa nyumbani, au tangu alipoanza kufundishwa bunduki? Maana babu yangu alichukuliwa na Wabelgiji, akabeba mizigo ya jeshi, akiambiwa angoje, zamu yake ya bunduki itafika. Haikufika." Kabla sijapata jibu, mwanafunzi Mmalawi akadakia, "Mzee, huyo kwetu siyo kuruta. Huyo ni mtengatenga."

Swali la mzee yule si la sarufi peke yake. Ni swali la historia, na katika historia yetu ya Afrika ya Mashariki na ya Kati limegharimu maisha ya watu wengi sana.

Kila jeshi lina muda wa kungoja. Kijana huandikwa jina leo, lakini mafunzo hayaanzi mpaka idadi ya kikosi itimie, mkufunzi apatikane, na sare zifike. Katika muda huo kijana si raia tena, maana hawezi kurudi kwao apendavyo. Wala si askari bado, maana hana namba wala bunduki. Jeshi halipendi kumwona amekaa bure. Hupewa jembe, panga, ndoo na shoka. Hufyeka nyasi, huchota maji, hupasua kuni, huchimba vyoo na mitaro, huponda mawe ya barabara, na hubeba magunia ya unga kutoka ghalani hadi jikoni. Waliopita depo wanaijua kazi hiyo kwa jina la "fatiki". Wakuu wa majeshi husema kuwa kazi hiyo hukaza misuli na kuvunja kiburi cha nyumbani. Yawezekana. Lakini hapana budi kuongeza kuwa ni kazi ya bei nafuu mno, kwa sababu anayeifanya anatumaini malipo yake yako mbele, siku atakapoitwa askari.

Sasa tuitazame nchi hii ya Malawi, iliyoitwa Nyasaland zamani za ukoloni. Januari mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Nyasaland, Kenya na Uganda kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Batalioni ya kwanza ilikuwa ya watu wa Nyasaland. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Keya ilikuwa na batalioni 3 tu. Ilipokwisha mwaka 1918 zilikuwa 22. Askari hao wapya walitoka wapi? Wengine waliandikishwa moja kwa moja vijijini. Lakini wengine walitoka katika kundi lililokuwa tayari limekwisha kubebeshwa vita hiyo kichwani na mabegani. Ndio tengatenga.

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kichewa "kutenga", yaani kuchukua. Kurudiwa kwa shina kunaonyesha kuchukua mara kwa mara, kuchukua bila mwisho. Sijui neno la Kiswahili linaloweza kulipita kwa ukweli. "Mpagazi" ni neno la misafara ya biashara, na mpagazi wa biashara aliweza kupatana ujira wake. "Hamali" ni mtu wa bandarini na sokoni, ambaye jioni hurudi kwake. Mtengatenga hakupatana na mtu. Serikali ilimwagiza mfalme wa kijiji atoe watu kadhaa, naye mfalme akawatoa.

Wanahistoria wanakadiria kuwa watu wa Nyasaland waliotumika katika vita ile, wengi wao wakiwa tengatenga, walifikia kiasi cha laki mbili. Msomaji akumbuke kuwa nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu takriban milioni moja tu, wake kwa waume, watoto na vikongwe. Wilaya za kati, zikiwamo Dowa na Lilongwe, hazikusalimika. Lilongwe ya siku hizo ilikuwa boma dogo kando ya mto. Hakuna aliyeota kuwa mwaka 1975 lingekuwa makao makuu ya nchi.

Kwa nini walihitajika watu wengi kiasi hicho? Yafaa tufanye hesabu kidogo, kwani hesabu hii inaeleza mengi kuliko hotuba. Barabara za magari hazikuwapo, na ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o. Kila kitu kilipita juu ya binadamu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata ratili 50, yaani kilo 22 na zaidi. Tuseme mzigo huo ni unga, na mbebaji mwenyewe anakula ratili 2 kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi atakuwa amekula ratili 48. Askari aliye mbele atabakiwa na ratili 2! Ndiyo maana kadiri jeshi la Jenerali Northey lilivyosonga kutoka Karonga na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, likaingia Tukuyu, Njombe, Iringa na Songea mwaka 1916, ndivyo idadi ya tengatenga ilivyozidi kuongezeka. Ilibidi wawekwe vituo kwa vituo, huyu akimpokea huyu, na nyuma yao wengine wa kuwalisha hao.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na mwaka 1918 kwa homa kuu ya mafua. Watu waliozoea chakula cha kwao walipewa unga uliopikwa haraka haraka, au ambao haukuiva kabisa kwa kukosa kuni na wakati, nao ukawaharibu matumbo. Wenye kutoka nchi za joto walilala bila blanketi la kutosha katika baridi ya nyanda za juu za Njombe.

Katika taabu hiyo tumaini la bunduki lilikuwa na maana kubwa. Askari alipata mshahara mkubwa kuliko mbebaji, sare, na chakula bora. Juu ya yote alikuwa na namba na jina katika daftari. Kulikuwa na daraja za kungoja hata miongoni mwa wabebaji wenyewe. Waliobeba bombomu na risasi zake walitembea pamoja na kikosi cha mapigano na waliona vita kwa macho yao; hao walikuwa karibu na uaskari kuliko yule aliyebeba unga nyuma. Batalioni zilipokuwa zikiongezwa, baadhi ya wabebaji waliandikishwa kuwa askari kamili. Kwa hiyo maneno aliyoambiwa babu wa mzee wetu, kwamba angoje zamu, hayakuwa uongo mtupu. Ila kwa kila aliyefika mlangoni, wengi walibaki njiani.

Si kwamba hakuna aliyenena. Mhubiri John Chilembwe wa Chiradzulu aliandika barua ya malalamiko iliyotokea katika gazeti la Nyasaland Times mwezi wa Novemba 1914, baada ya mapigano ya Karonga ya tarehe 9 Septemba mwaka huo. Aliuliza kwa nini Mwafrika aalikwe kumwaga damu katika ugomvi usiomhusu, hali wakati wa amani hakumbukwi. Serikali ililizuia toleo lile. Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na mwanzoni mwa Februari aliuawa. Leo Wamalawi wana sikukuu ya kumkumbuka kila tarehe 15 Januari. Wanafunzi wanalijua jina lake. Wachache wanajua kuwa miongoni mwa mambo yaliyomchoma lilikuwa hili la watu kupelekwa vitani.

Sasa turejee kwa mzee wa Kikongo, maana babu yake alikuwa katika vita hiyo hiyo, upande wa pili wa ziwa jingine. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, Force Publique, liliingia Kigali mwezi wa Mei na Usumbura mwezi wa Juni, kisha likateka Tabora tarehe 19 Septemba. Wabebaji wake nao wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili, kutoka Kongo na baadaye kutoka nchi zilizotekwa. Wajerumani kwa upande wao waliwatumia watu wa Tanganyika, Rwanda na Burundi. Nikitazama darasa langu la Dzaleka naona jambo ambalo sikuliona katika kitabu chochote cha shule: wajukuu wa wabebaji wa pande zote wamekaa kwenye viti vya darasa moja, na lugha inayowakutanisha ni ile iliyopita njia zile zile za mizigo.

Lugha haikusahau. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka wabebaji wao penye jengo la soko walilolijenga Wajerumani. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka "Kariakoo". Nairobi nako kuna mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor. Maelfu ya watu hununua vitunguu Kariakoo kila siku bila kujua kuwa wanatamka jina la kambi ya watu waliokuwa wakingoja mizigo. Na Kiswahili chenyewe kilipata mengi kambini. "Afande" lilikuja na askari wa Sudani walioingia katika vikosi vya kwanza, asili yake ikiwa Kituruki. "Gwaride", "depo" na "kuruta" yalikuja na Waingereza. Tulipokuwa vyuoni tulifundishwa kukidharau Kikeya, kile Kiswahili kilichovunjika cha kambini, na hata mimi niliwahi kuwacheka wazee waliokisema. Siku hizi sina kicheko hicho. Mtu aliyejifunza lugha akiwa na ratili 50 kichwani hana wakati wa kupatanisha ngeli.

Vita Kuu ya Pili nitaipita upesi. Mara hii jeshi la Waingereza liliunda vikosi vya kazi vyenye majina rasmi na namba, na magari yalipunguza mzigo wa vichwa, ingawa katika misitu ya Burma watu wa Afrika ya Mashariki na wa Nyasaland walibeba tena.

Uhuru ulipokuja, jembe kabla ya bunduki liligeuzwa kuwa fahari. Mwaka 1963, Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyasaland, ikikaribia uhuru wake, ikaanzisha Malawi Young Pioneers. Vyote viwili vilisaidiwa na Israel, na vyote viliwataka vijana walime, wajenge na wafyeke huku wakifundishwa nidhamu ya kijeshi. Lakini njia zao ziliachana. Huko Tanzania sheria ya mwaka 1966 iliwalazimisha wasomi kutumika miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliandamana Oktoba mwaka huo. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao takriban 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe. Hapa Malawi, Young Pioneers waligeuka kuwa mkono wenye silaha wa chama tawala, wakaogopwa vijijini. Desemba 1993 jeshi la taifa liliwanyang'anya silaha katika operesheni iliyoitwa Bwezani, maana yake "rudisheni".

Kuhusu Dzaleka penyewe sharti niseme neno. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa gereza. Humo utawala wa Dakta Banda uliwafungia wapinzani wake, na baadaye Mashahidi wa Yehova waliokataa kununua kadi za chama, wakatumikishwa kazi ngumu. Wenyeji hulieleza jina la mahali kwa maana ya "sitarudia tena". Kwa hiyo udongo huu umelimwa na watu waliosukumwa, kabla haujalimwa na wakimbizi.

Tumaini la kungoja zamu halikufa na ukoloni. Vijana wa kujitolea wa Jeshi la Kujenga Taifa ndio waliojenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya tanzanaiti ya Mererani, uliozinduliwa Aprili 2018, na wajenzi wake waliahidiwa ajira jeshini. Aprili 2021 vijana 854 wa jeshi hilo, waliokuwa wamefanya kazi za ujenzi, walifukuzwa baada ya kugoma wakidai kuandikishwa katika jeshi la ulinzi. Mkuu wa majeshi alisema kugoma ni uasi. Vijana walisema waliahidiwa. Mimi si hakimu wa shauri hilo, na nidhamu ya jeshi naielewa. Naona tu kuwa shauri lenyewe ni la zamani kuliko wote waliohusika: mtu ametoa jasho kwanza, na malipo yake ni ahadi ya kuandikwa.

Kwa wanafunzi wangu wa Kongo, hata hivyo, mfano ulio karibu si wa Mererani. Ni wa "kadogo". Neno hili la upole, "kale kadogo", katika vita vya mwaka 1996 na 1997 vilivyomwingiza Laurent Kabila Kinshasa, lilikuwa jina la watoto waliochukuliwa na majeshi. Wengi wa watoto wa namna hii, katika vita ile na katika zilizofuata, hawakuanza na bunduki. Walianza kwa kubeba: maji, sahani, masanduku ya risasi, mali ya watu iliyoporwa. Na hapa, nadhani kwa mara ya kwanza, swali la mzee limejibiwa na sheria. Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinamhesabu mtoto aliyetumiwa na jeshi kuwa mtoto wa jeshi, awe alipigana, alipika au alibeba mizigo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kifungo cha miaka 14 kwa kuwaandikisha watoto na kuwatumia vitani, na mahakama haikukubali kwamba vita ni kufyatua risasi tu.

Watu wazima wa mwaka 1914 hawakupata hesabu kama hiyo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wabebaji kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliye juu ya jiwe ni askari mmoja mwenye bunduki. Nairobi walimpa mbebaji nafasi kati ya sanamu tatu. Jina hana. Mishahara ya maelfu ya wabebaji ambao hawakuonekana tena, wala jamaa zao hawakutafutwa ipasavyo, ilibaki katika mikono ya serikali ya Kiingereza. Ilipita zaidi ya miaka mia ndipo tume ya Kiingereza inayotunza makaburi ya vita, katika taarifa yake ya Aprili 2021, ilipokiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Angalia tofauti kati ya namba hizo mbili. Watu zaidi ya laki mbili wamo katika "huenda".

Jijini Lilongwe, karibu na kaburi la Dakta Banda, upo mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Nilikwenda kuutazama Jumamosi moja baada ya somo lile. Nilisimama pale nikifikiri kuwa mwanafunzi wangu Mmalawi alisema kweli kwa kadiri ya lugha yake, na mzee alisema kweli kwa kadiri ya ukoo wake. Kamusi zetu humweleza kuruta kuwa ni askari mpya anayefunzwa. Maelezo hayo yanaanza na mafunzo, nayo yamemwacha nje yule aliyekwisha kuchukuliwa na bado hajafunzwa.

Juma lililofuata tuliandika ubaoni maana mbili. Ya kwanza ile ya kamusi. Ya pili: mtu aliyekwisha kuchukuliwa kwa kazi ya jeshi, amefundishwa au hajafundishwa. Mzee aliinakili ya pili peke yake, kwa herufi kubwa, na wengine wakainakili zote. Juu ya wingi wa neno, kama ni "kuruta" au "makuruta", hatujapatana hadi leo.